Mchezo wa Dakika Tatu na Neno la Mama



Wapenzi wasomaji, juma hili sikuja na mas'ala ya tohara wala ya mirathi. Nimekuja na habari ya mchezo tunaoucheza nyumbani kwangu kila Jumamosi baada ya sala ya Isha, na ya kosa nililolitenda ndani yake mbele ya watoto wangu. Nilikuwa mwamuzi, na katika uamuzi wangu nikamnyima mama yangu mzazi haki yake. Kosa lililotendwa mbele ya watu si vyema kulitengeneza mafichoni, ndiyo maana naliandika. Na ndani ya kisa hiki mna faida ambayo huenda nyumba nyingine ikaihitaji.

Mwanzo wa mambo ni boksi dogo ambalo shemeji yangu alituletea kutoka Dubai. Ndani yake mlikuwa na mchezo uitwao Boggle. Mchezo huu ulibuniwa na mtu aitwaye Allan Turoff, na ukaanza kuuzwa Marekani mwaka 1972 na kampuni ya Parker Brothers. Una dado 16 zenye herufi badala ya vitone, kisanduku cha kuzipanga safu nne kwa nne, na kichupa cha mchanga kinachomaliza kumwaga kwa dakika 3. Kisanduku hutikiswa, herufi zikatulia, mchanga ukageuzwa, na kila mmoja akashika kalamu. Unatafuta maneno kwa kufuata herufi zinazogusana, ziwe zimekaa ubavu kwa ubavu, juu na chini au mshazari, bila ya kuikanyaga herufi moja mara mbili katika neno moja. Mchanga ukiisha, kalamu chini. Kila mtu husoma alichoandika, na neno lililopatikana na zaidi ya mmoja hufutwa kwa wote. Linalobaki ndilo lenye alama: herufi 3 au 4 ni alama 1, herufi 5 ni alama 2, 6 ni 3, 7 ni 5, na kuanzia 8 ni alama 11.

Naomba msomaji aikumbuke ile kanuni ya kufuta, kwa kuwa nitairudia. Mchezo huu hautoi thawabu kwa neno ambalo kila mtu analo. Hutoa kwa neno uliloliona peke yako.

Tulipotaka kuucheza kwa Kiswahili tulikutana na vikwazo viwili. Cha kwanza kilikuwa cha dini. Dado si kitu cha kupuuzwa. Imepokewa katika Sahihi Muslim hadithi yenye onyo kali juu ya mchezo wa nardi, na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kuwa nardi ni haramu kwa kauli iliyo sahihi, na sataranji ni makruhu. Wanavyuoni wameeleza tofauti ya viwili hivyo: nardi hutegemea kile kinachoangushwa na dado, na sataranji hutegemea fikra. Mchezo huu wa maneno unategemea fikra, kwa sababu herufi zikishatulia ni zile zile kwa wote, wala hapana aliyebahatika na aliyekosa. Hata hivyo niliona nafsi yangu haitulii watoto wakizoea kutikisa dado katika nyumba ya mtu anayesomesha watu, nami nikapenda kujitenga na shaka.

Kikwazo cha pili kilikuwa cha lugha. Herufi zile zimegawanywa kwa hesabu ya Kiingereza. Mna dado yenye Q na U zilizoshikamana, ambayo sisi hatuna pa kuipeleka, na irabu ni chache. Maneno yetu karibu yote humalizikia kwa irabu, basi ukikosa A na I umekosa kila kitu.

Dawa ya vikwazo vyote viwili ikawa moja. Tulimwomba fundi seremala atukatie vibao 60 kutoka kwenye mabaki ya mbao, kila kimoja ukubwa wa kashata ndogo. Binti yangu mkubwa akaviandika herufi kwa wino: A kumi, I sita, U tano, E nne, O tatu, K, M na N tatu tatu, W, L, T, H, S, B na P mbili mbili, R, Y, Z, J, D, G, F na V moja moja, na kibao kimoja cha CH kwa pamoja. Huwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mtoto mdogo akatia mkono bila ya kutazama, akatoa 16 na kuvipanga juu ya sinia lililofudikizwa. Asiye na fundi na akate katoni, au akusanye vifuniko vya soda. Mchanga wa Dubai tuliubakisha, kwa sababu simu haziruhusiwi mkekani.

Tukaongeza sharti moja linaloihusu lugha yetu wenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hakina mwisho: ukiruhusu nilimpiga, atampiga na tungalipigana, mtu atajaza ukurasa kwa pigo moja. Basi tukakubaliana kuwa kitenzi kihesabiwe shina lake tu. Na kwa kila mzozo, nikasema mimi, kamusi ndiyo itakayohukumu. Wote wakaridhia, nami nikajiona nimefanya uadilifu.

Wapo watakaouliza shekhe ana nini na michezo. Nitajibu kwa mambo mawili. La kwanza, Mtume wetu s.a.w. alishindana mbio na Bi Aisha r.a., naye Bi Aisha akamtangulia. Baadaye, alipokwisha kunenepa, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume akamtangulia, akamwambia kwa mzaha kuwa hiyo ilikuwa kwa ile. Imo katika Sunan ya Abu Daud. Kiumbe bora alishindwa na mkewe katika mchezo wala cheo chake hakikupungua, basi ni baba gani huyo wa zama zetu anayeogopa kushindwa na watoto wake?

La pili, kuzichezea herufi ni jambo la watu wenye elimu. Katika karne ya 2 ya Hijra, Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, ambaye asili yake ni Oman na maisha yake yalikuwa Basra, alikusudia kukusanya maneno ya Kiarabu katika Kitabul Ayn. Njia yake ilikuwa kuzichukua herufi za shina na kuzigeuza kila namna. Herufi 3 hutoa mipangilio 6, herufi 4 hutoa 24, na herufi 5 hutoa 120. Kila mpangilio aliuliza: Je, Waarabu wanautumia, au wameuacha? Unaotumika ni mustaamal, ulioachwa ni muhmal. Mwanafunzi wa lugha akisoma habari ile huona kazi nzito, na ni nzito kweli. Lakini ukikaa mbele ya sinia letu kwa dakika 3 utajua pia kuwa ina utamu. Na sisi tuliokulia Mombasa tulikuwa na mchezo wetu wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho huletwa mwanzo: maji yakawa jima, mkate ukawa temka, samaki akawa kisama, na wageni wakashindwa kujua watoto wanasemezana nini.

Basi tukacheza, na nyumba ikachangamka. Kabla ya hapo, kila Jumamosi usiku nilikuwa na watoto watatu katika pembe tatu, kila mmoja na mwanga wa simu usoni. Sasa ulikuwa ukisikia "Bado! Bado!" mchanga unapokaribia kwisha, na vicheko mtu anaposoma neno ambalo halipo duniani. Mke wangu, ambaye siku zote husema hana kichwa cha vitabu, alitushinda Jumamosi tatu mfululizo kwa majina ya vyombo vya jikoni na viumbe vya baharini. Nami nilishinda mara moja kwa neno laili. Kwa hakika ni neno la Kiarabu, nililolizoea katika tenzi, wala sijapata kumsikia mtu sokoni Marikiti akisema laili. Hapana aliyenipinga, kwa kuwa mwamuzi nilikuwa mimi.

Mama yangu yuko nasi nyumbani. Umri wake umeikaribia miaka 80. Utotoni alihitimu Msahafu chuoni, na barua za Kiswahili alizisoma kwa hati za Kiarabu. Herufi za Kirumi alijifunza ukubwani, katika darasa la ngumbaru, akiwa tayari na watoto. Huzisoma, lakini moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Katika Jumamosi zile za mwanzo alikaa nasi, kalamu mkononi, na mchanga ulipokwisha alikuwa na maneno mawili au matatu: saa, kaa, taa. Maneno hayo kila mtu alikuwa nayo, basi yakafutwa. Wiki ya kwanza alipata sifuri, ya pili sifuri, ya tatu sifuri. Hakulalamika. Alisema tu, "Herufi zenu zina mbio kuliko mato yangu."

Wiki ya nne vibao vilitoka hivi:

M T E L
A K I E
S A N U
O W H A

Ulikuwa mpangilio wa baraka. Mchanga ulipokwisha tukaanza kusoma. Saa, sana, taka, teka na kaa zilifutwa. Kijana wangu, ambaye yuko gredi ya nane, alikuwa na wakati na mkate. Binti mkubwa alikuwa na sahani. Mke wangu alikuwa na kasa na kinu. Nami nilijisifu kwa nahau. Ikafika zamu ya mama. Alitia kidole juu ya kibao cha M, akakipitisha taratibu kwenye T, E, L, akateremka kwenye E ya pili, akasema, "Mtele."

Herufi tano. Alama mbili. Hapana mwengine aliyekuwa nalo.

Kijana akasema upesi, kwa adabu lakini kwa uhakika, "Nyanya, hilo si neno. Ni mchele." Mama hakumjibu. Alinitazama mimi. Nikaifungua kamusi ya shule iliyokuwa kando yangu, nikapitisha kidole kwenye M, sikuliona. Nikasema, "Mama, kamusi haina." Nikatia mstari juu ya neno lake.

Akasema, "Haya, mwanangu." Akakunja karatasi yake, akajitanda leso, akaenda chumbani. Sisi tukaendelea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba tuliendelea, na nadhani nilishinda.

Usiku ule mke wangu aliniuliza, "Hata mamangu Lamu husema mtele. Mbona hukuniuliza?" Sikuwa na jibu. Kadhi anayekata hukumu na huku shahidi amekaa mbele yake hajaulizwa, hukumu yake ina kasoro, na hilo nalisomesha kila mwaka.

Jumamosi iliyofuata mama alisema amechoka. Iliyofuata akasema ana nyiradi zake. Ya tatu nilikwenda chumbani kwake kabla ya Isha, nikakaa chini kwenye msala, nikamwomba radhi. Hakunihutubia. Alisema maneno machache, nami nayaandika kama yalivyo: "Wali uloula hata ukawa mtu wa kuvaa joho ulipikwa kwa mtele, mwanangu." Kisha akaniuliza kama chai imeshatengenezwa.

Nilirudi nikafikiri. Neno laili, ambalo hapana mtu nyumbani kwetu anayelisema, nililipitisha kwa kuwa nilikuwa nimelisoma. Neno mtele, lililonilisha, nililifuta kwa kuwa halikuwamo katika kitabu cha kurasa chache. Na mimi ndiye niliyewasimulia watoto habari za Al-Khalil! Al-Khalil hakuwa na kamusi ya kurejea. Yeye ndiye aliyekuwa akiiandika. Alichouliza ni kama watu wanalisema. Wanavyuoni wa lugha wa zama zile walikuwa wakienda majangwani kuwasikiliza Mabedui, wachungaji wa ngamia, wakanakili kutoka vinywani mwao. Mimi Bedui wangu nilikuwa naye mkekani, nikamwambia maneno yake si maneno.

Tena sisi watu wa Mombasa tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano katika mji wetu huu huu, na ndani yake ikakubaliwa kuwa lahaja ya Unguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili cha shule katika Afrika Mashariki. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuusimamia usanifishaji huo. Siwalaumu. Mtihani unahitaji lugha moja, na kitabu cha Kisumu na cha Mombasa lazima kisomeke sawa. Mwanangu akiandika mtele kwenye mtihani wake atakosa alama, nami nitamwambia aandike mchele. Lakini kabla ya hapo, mmishonari Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno kutoka kwa watu wa pande hizi, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882. Kamusi huzaliwa vinywani mwa watu. Ukimnyamazisha mama kwa ajili ya kamusi, umemtanguliza mtoto mbele ya mzazi.

Jumamosi ile nilisema mbele ya wote kuwa nilikosea, nikalirudisha neno mtele pamoja na alama zake 2, na tukaweka sheria mpya. Ziko nne.

Ya kwanza, mwenye neno aulizwe maana yake na alitumie katika sentensi. Ya pili, atafutwe shahidi: mtu mwengine, awe hapa au mbali, aliyepata kulisikia likisemwa. Kamusi ni shahidi mmoja kati ya mashahidi, wala si kadhi. Asipopatikana shahidi usiku ule, neno halifutwi, huwekwa kando mpaka tuulize. Ya tatu, mchanga hugeuzwa mara mbili kwa mwenye mato mazito, na mjukuu anaweza kumwandikia. Ya nne, maneno mawili yakilingana kwa herufi na yakatofautiana kwa maana, hayafutani.

Sheria ya nne ilitokana na neno teka. Kumbukeni kuwa usiku ule tulilifuta kwa sababu kila mtu alikuwa nalo. Sote tulikusudia kuteka maji. Mama alikusudia kucheka, kwa kuwa kwake mtu mwenye furaha huteka. Masikioni mwa mzee wa Mombasa hayo ni maneno mawili hata kwa sauti: T ya kuteka maji hutamkwa ulimi ukiwa juu ya ufizi, na T ya kuteka kwa furaha hutamkwa ulimi ukigusa meno. Herufi za Kirumi zimeyavisha nguo moja, watoto wakadhani ni mtu mmoja.

Tulinunua daftari la kurasa 96, na mlinzi wake nikamfanya yule yule kijana aliyesema "si neno". Sikukusudia kumwadhibu; nilitaka asikie. Kila neno la nyanya yake analiandika pamoja na maana, sentensi na jina la shahidi. Wiki ya kwanza aliandika mato, matozi, kitwa, tini na mtuzi. Ya pili akaandika ndaa, ndia na nde. Ikiwa hapana shahidi nyumbani, humpigia simu mama yake mkubwa Lamu siku ya pili, na mazungumzo ambayo zamani yalikuwa "Hujambo, sijambo" sasa hufika robo saa.

Usiku mmoja alikuja na daftari lake nikiwa natayarisha darsa. Akasema, "Baba, hebu tazama. Macho ni mato. Machozi ni matozi. Kichwa ni kitwa. Chini ni tini. Kila penye CH ya shule, nyanya ana T. Na njaa ni ndaa, njia ni ndia, nje ni nde. Kila penye NJ, yeye ana ND. Huku si kukosea. Hii ni kanuni." Nikamwambia si kila penye CH, atafute yanayopinga kanuni yake, kwa kuwa hivyo ndivyo wafanyavyo wanavyuoni. Amekuwa akiyatafuta tangu siku hiyo. Mtoto aliyeyaona maneno ya nyanya yake kuwa ni makosa ya kusahihishwa, sasa anayaona kuwa ni elimu ya kutafutwa. Nami nakiri kuwa mawaidha yangu ya miaka mingi juu ya kuwaheshimu wazee hayakumfikisha pale.

Wala haki haikuwa ya wazee peke yao. Binti yangu mkubwa, alipoona mlango umefunguliwa, alileta neno mbogi, ambalo vijana hulitumia kwa kundi la marafiki. Alitoa maana, akatoa sentensi, na nduguye akamshuhudilia. Mimi nilikuwa nimeshakunja uso. Mama akauliza, "Ni tusi?" Akajibiwa si tusi. "Basi mwandikieni. Lakini nalo lipewe ukurasa wake." Likaandikwa. Ni yeye aliyefutiwa neno lake, na ni yeye aliyekuwa mwepesi zaidi kulipokea la mwengine. Nililiandika hilo pia, moyoni.

Nisiwadanganye nikasema sasa mama hutushinda. Hatushindi. Herufi bado zina mbio kuliko macho yake, na Jumamosi nyingine hulala kabla ya duru ya pili. Ziko siku humtoka neno alilotwambia wiki iliyopita, mjukuu wake hufungua daftari akamsomea, naye husema, "Ndilo." Daftari lina maneno 70 na kitu. Nikilitazama huona furaha, na huona hofu pia, kwa kuwa nahesabu miaka aliyokaa nasi maneno haya yakipita hewani wala hapana aliyeyashika. Je, katika nyumba zetu za Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga, wamelala wazee wangapi wenye maneno ambayo watoto wameambiwa ni ya kukosea?

Basi, ndugu zangu, na hasa nyinyi akina mama mnaoshika nyumba, nausieni mchezo huu pamoja na adabu zake. Msiuweke dau wala zawadi, usije ukaingia katika kamari ambayo Mwenyezi Mungu ameikataza katika Suratul Maida. Usitangulie sala wala usimcheleweshe mtu na sala. Asikejeliwe aliyepata kidogo. Na mwamuzi, akiwa baba, ajue kuwa watoto hawamtazami anayeshinda. Wanamtazama yeye anavyohukumu.

Na kwa watakaotaka kuanza usiku wa leo bila ya vibao, chukueni ule mpangilio wa herufi 16 nilioutaja hapo juu, mgeuze mchanga au mtazame saa kwa dakika 3. Yamo maneno mengi ambayo sikuyataja. Limo neno haki, ambalo usiku ule hapana hata mmoja wetu aliyeliona. Na kabla ya kuanza, mwiteni mzee wa nyumba akae mbele, karibu na taa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazazi wetu waliohai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe waadilifu katika mambo madogo kabla ya makubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.